Ndama Aliyetembezwa kwa Miguu hadi Magoma

Siku mliyoniaga pale kituoni nilipostaafu mlinipa birika la umeme na maneno mengi mazuri. Birika linafanya kazi vizuri. Maneno nimeyapunguza nusu, kama tunavyoupunguza uzito anaoutaja mfugaji anayetaka kuuza ng'ombe wake. Mkaniomba niandike niliyoyaona kazini, ili wanaoanza sasa wasidhani kazi hii ilizaliwa pamoja na kompyuta. Nimekaa barazani kwangu hapa Chanika, mjini Handeni, mguu mmoja nimeunyoosha kwenye kigoda kwa sababu umevimba, na muda ninao kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Vyeo sitavisema, ngazi zenyewe mnazijua na jinsi zinavyoteleza. Nitasema kazi.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye josho moja huko Kang'ata. Nilikuwa nimevaa sketi niliyoipiga pasi alfajiri na viatu vipya vya ngozi, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba bibi mifugo ni mtumishi wa umma na lazima apendeze. Mzee Hiza, aliyekuwa msimamizi wa josho lile, alinitazama miguuni, akaingia stoo na kutoka na mabuti yake ya akiba. Yalikuwa makubwa mno. Nilijaza matambara ndani yake na kutwa nzima nikatembea nayo nikiburuta miguu, huku ng'ombe wakiruka ndani ya maji ya dawa na kunirushia usoni. Jioni sketi ile ilinuka dawa ya kupe, na haikuacha kunuka mpaka ilipochanika.

Mzee Hiza ndiye aliyenifundisha kumshika ndama: mkono mmoja chini ya shingo, mwingine kwenye shina la mkia, na usimkabe, maana ndama anayekabwa hupigana na ndama anayekumbatiwa husikiliza. Alinifundisha kumpima joto bila kusimama nyuma yake kama shabaha. Alinifundisha pia kwamba ukifika kwa mfugaji unauliza kwanza nyumba, watoto, mgonjwa kama yupo, na mvua, ndipo unauliza ng'ombe. Mimi nilikuwa mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kuharakisha, na mara nyingi alinirudisha mlangoni nikasalimie upya. Ameshatangulia mbele ya haki. Mabuti yake nilikaa nayo miaka mingi.

Miaka ile ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, ilikuwa inatumaliza. Unampata ndama asubuhi tezi zimevimba chini ya sikio, unamchoma sindano uliyonayo, ambayo mara nyingi siyo inayotakiwa, na kesho yake unaitwa kuangalia ngozi. Nimeona mama wa watu amekaa chini zizini, kichwa cha ndama kipo mapajani mwake, anampepea nzi kwa upande wa khanga. Hakuna somo la chuo lililoniambia nifanye nini pale. Nilikaa naye. Nilijifunza kwamba wakati mwingine kukaa ni sehemu ya matibabu, ingawa huwezi kuiandika kwenye taarifa ya mwezi.

Sasa nije kwenye utafiti wa ndama, ambao wengi wenu mmeusikia kwa ramani zake tu. Ulikuja mimi nikiwa tayari ni mtu mzima wa kituo, na magoti yangu yameanza kulalamika. Ng'ombe wetu wa asili hawashushi maziwa bila ndama kuwa pembeni, kwa hiyo mfugaji humwacha ndama na mama yake muda mrefu sana, mama anachelewa kushika mimba na ndama mwenyewe anabaki mnyonge. Dokta, mtafiti mkuu wetu, alitaka kujua ndama aliyeachishwa kunyonya anafanya nini hasa: anakwenda wapi, anatembea kiasi gani, na lini anaacha kumtafuta mama na kuanza kula majani kwa moyo wote. Zikaletwa kola zenye GPS. Kila kola ilikuwa na kijisanduku chenye betri, ikisoma ndama yupo wapi na kututumia nukta kwa mtandao wa simu mara chache kwa siku. Wafugaji waliziita redio. Wengine walimuuliza ndama kama amesikia taarifa ya habari.

Kola ile ilihitaji adabu. Vidole viwili lazima vipite kati yake na shingo, na ndama anakua, kwa hiyo unarudi kuilegeza kabla haijachuna ngozi. Ukichelewa utakuta kidonda, na mwenye ndama atakwambia maneno ambayo unastahili. Nilizunguka na pikipiki, baadaye na gari la mradi likiendeshwa na Salimu, kutoka Kang'ata hadi vijiji vya bondeni Korogwe, nikilegeza kola na kupima vifua vya ndama kwa utepe.

Kwenye kompyuta mambo yalionekana mazuri. Siku za mwanzo baada ya kuachishwa, nukta za ndama zilizunguka ua, zikarudi, zikarundikana mahali pamoja kama uwele uliomwagika. Dokta alifurahi sana na marundo yale. Mimi nilikuwa nimesimama pale yaliporundikana, nikamsikia ndama akilia mpaka sauti ikakauka, amesimama mahali pale pale aliponyonya mara ya mwisho. Nukta haina sauti. Nilimwambia Dokta hivyo siku moja, akasema ni kweli, kisha akaniomba nimpelekee betri nyingine.

Kati ya ndama wale alikuwepo jike mmoja aliyeitwa Kidoti, na habari yake ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Koo nyingi za huku zina desturi ya kuwekeshana ng'ombe. Mwenye ng'ombe akiwa hana maji au majani ya kutosha, anampeleka kwa ndugu mwenye nafasi. Anayemtunza anakunywa maziwa na kutumia samadi, na ndama akishaachishwa kunyonya anakwenda kwa mwenye mali. Mzee Rajabu wa Kang'ata alikuwa amemwekesha ng'ombe wake, Madoa, kwa kaka yake, Mzee Abdallah, aliyeoa Magoma na kuhamia huko kabla mimi sijaanza kazi. Katika nyumba yao ndama hatumwi. Mwenye mali huenda mwenyewe, hulala kwa ndugu yake, wanakula pamoja, na asubuhi anayetunza humtia kamba ndama na kumwekea mwenziwe kamba hiyo mkononi. Kisha huondoka kwa miguu, hata kama ni safari ya siku kadhaa. Baba yao alifanya hivyo, na wao walifanya hivyo tangu walipooa.

Mwaka mmoja Mzee Rajabu hakwenda. Alikuwa na mahindi ya kuvuna, akasikia kuna pikapu inarudi tupu kutoka Korogwe, akamtuma dereva akamchukue mtamba, ndama jike wa Madoa wa mwaka ule. Aliona amerahisisha mambo. Mzee Abdallah, alipomwona dereva mgeni anapiga honi nje ya ua wake, aliona amegeuzwa duka la saruji. Alikataa kumtoa mtamba. Dereva alitaka kuwahi, akatafuta vijana wa barabarani, wakampandisha kwa nguvu huku mzee amesimama mlangoni. Njiani mtamba aliruka, akavunjika mguu, ikabidi achinjwe kando ya barabara.

Hawakutukanana. Kila mmoja alisema ng'ombe amekufa kwa sababu ya mwenziwe, kisha wakaacha kusemezana. Misiba ilipita, arusi zikapita, wakatumana watoto. Madoa alibaki Magoma, kwa sababu kumwondoa kungehitaji mmoja wao azungumze.

Sisi wa mradi tulipofika na kola zetu tukawa tumewasaidia wote wawili kuendelea kununa. Utaratibu wetu ulisema ndama akiachishwa atapelekwa kwa mwenye mali kwa gari la mradi. Kidoti alipoachishwa, Salimu na mimi tulimchukua Magoma na kumshusha Kang'ata. Hakuna aliyemtumia mwenziwe dereva, hakuna aliyempokea mwenziwe mlangoni. Serikali ilikuwa imebeba ndama, na serikali hainuniwi.

Tangu hapo nikawa mtu wa kupeleka salamu bila kuagizwa. Nikifika Magoma kupima afya ya Madoa, Mzee Abdallah alikuwa ananikaribisha, ananiwekea kiti, na baada ya kuulizana habari za nyumba anauliza, "Ndama hajambo?" Nikimwambia hajambo, anaongeza, "Na wanaomlisha?" Nikifika Kang'ata kulegeza kola, Mzee Rajabu ananiuliza mama yake ndama hajambo, kisha anainama kama anatafuta kitu chini na kuuliza, "Na anayemkamua?" Hakuna aliyetaja jina la mwenziwe. Mimi nikiwaambia wote wazima, niliona mabega yakishuka. Nilikuwa nawaonyesha nukta kwenye simu. Mzee Rajabu alitazama nukta za Kidoti zilivyosongamana upande wa ua unaoelekea barabara ya Korogwe, akaniuliza kama mnyama anaweza kujua alikotoka. Nilimjibu kitaalamu kwamba hatuna uhakika. Akasema yeye anao.

Mara kadhaa nilitaka kuwaambia waache utoto. Nilikaribia kufungua mdomo, na kila mara nilijizuia, kwa sababu mambo ya ndugu wawili ukiyashika vibaya yanakukatikia mikononi. Nilijiambia pia kwamba wana muda.

Msimu mmoja wa kiangazi nilimkuta Mzee Abdallah amekaa kitandani mchana. Miguu ilikuwa imevimba, anakohoa, na pumzi inamkatika akizungumza. Hospitali walikuwa wamemweleza kuhusu moyo na kumpa dawa. Binti yake Zuhura, aliyerudi kuishi naye baada ya mama yake kufariki, ndiye aliyekuwa akienda zizini. Mzee aliuliza habari za ndama na za wanaomlisha kama kawaida. Sikuambiwa nipeleke habari wala nisipeleke.

Wiki ile ile nilikwenda Kang'ata. Mzee Rajabu akauliza, "Na anayemkamua?"

"Siku hizi anakamua Zuhura," nikamwambia.

Alimshika Kidoti sikio, akamwachia, akalishika tena. Hakuuliza zaidi, na hakuhitaji, kwa sababu mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote haachi kwa kupenda. Niliondoka nikijua kwamba amenielewa.

Siku chache baadaye Dokta aliniita ofisini. Nukta za Kidoti zilikuwa zimetoka nje ya ua, zimepita hapa mjini Handeni na kushika barabara ya Korogwe. Alisema ndama ameibwa na kola imekwenda naye, na kola ile haikuwa ya bei ya karanga. Alikuwa ameshashika simu awaite polisi. Nilimwomba asubiri. Nikampigia mke wa Mzee Rajabu, akaniambia mzee ameondoka na ndama, ameiacha simu kwenye chaji, amesema njiani itamsumbua. Anakwenda Magoma. Ndama anampeleka kwa mama yake, atalala kwa kaka yake, na kaka yake atampa kamba mkononi kama inavyotakiwa.

Salimu aliwasha gari. Tulimkuta mbele ya Sindeni, kwenye kalvati, ndama anakunywa maji ya dimbwi na yeye amekaa ukingoni amenyoosha mguu. Alikuwa na viatu vya tairi na koti kuukuu, na kanzu yake ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Kibali cha kusafirisha mifugo nilisahau kumuuliza, na mpaka leo sijakumbuka.

Nilimwamkia, akaitikia, akagusa kola na kuniuliza kama redio ndiyo iliyomsemea. Nikasema ndiyo. Kisha nikamweleza yote bila kupunguza: miguu ilivyovimba, pumzi inavyokatika, na kwamba chakula kimemshinda. Nikamwambia gari ni hili, ndama atakaa nyuma juu ya majani, Salimu ataendesha taratibu, na leo hii atakaa kitandani pa kaka yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi mifugo," akasema, "kaka yangu nilimtumia gari. Leo nikishuka kwenye gari mlangoni kwake, nitakuwa nimekwenda kumwambia nini?"

"Utakuwa umekwenda. Mgonjwa haulizi mtu amefikaje."

"Humjui Abdallah. Huyo atauliza." Alisimama, akajipangusa suruali. "Ataningoja. Amenisubiri miaka yote hii, siku hizi chache hazimshindi."

Nilimsihi aende yeye na gari, ndama atembezwe na Salimu. Akakataa. Nilikasirika, nikamwambia ni mkaidi na kwamba ukaidi wa nyumba yao ndio uliowafikisha pale, maneno ambayo mtu wa umri wangu hamwambii mtu wa umri wake. Hakukasirika. Tulimwachia maji na mkate. Aliniambia nitangulie nikamwambie kaka yake kwamba ndama anakuja. "Atakuuliza anakujaje," akasema. "Umwambie."

Tulifika Magoma mchana. Mzee Abdallah alikuwa amelala ameinuliwa kwa mito. Nilikaa kwenye mkeka karibu na kitanda.

"Ndama anakuja," nikamwambia.

"Kwa gari lenu?"

"Kwa miguu. Analetwa na mwenyewe."

Alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Rajabu ana goti bovu. Tangu utotoni. Hakuwaambia?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo. Akamwita Zuhura, akamwambia afagie chumba cha uani, atandike shuka safi, na atafute jogoo. Aliomba kofia yake, akavishwa, akakaa nayo mle kitandani. Nilitoka nje nikalie, nikamwambia Zuhura ni moshi wa jikoni.

Nililala Magoma usiku ule na uliofuata. Mzee Abdallah alifariki asubuhi baada ya usiku ule wa pili, akiwa amekunywa uji kidogo, Zuhura akiwa amemshika mkono. Kofia alikuwa nayo.

Wazee wa msikitini walisema maiti asicheleweshwe, wakasema pia kwamba mdogo wake yuko njiani, kwa hiyo wakasogeza mazishi mpaka baada ya sala ya alasiri. Salimu alichukua gari kwenda kumtafuta. Safari hii, tulijua, angepanda. Mimi nilikaa na simu mkononi nikingoja nukta. Ya mwisho iliyokuwepo ilikuwa kwenye daraja la Mto Pangani, karibu na mji wa Korogwe. Nikafungua tena, ile ile. Nikatembea mpaka kwenye kilima cha shule ambako mtandao hukamata, nikafungua, ile ile. Salimu alipita barabara yote kwenda na kurudi, akiuliza madukani na kwa watu wa bodaboda, na hakumwona. Baadaye tulijua kwamba malori yalikuwa yanamtisha Kidoti, kwa hiyo mzee aliacha barabara na kupita njia za ndani ya mashamba ya mkonge, ambako simu hazishiki. Nilikichukia chombo kile. Kilikuwa kimetuonyesha ndama amesimama ukingoni mwa ua siku nenda siku rudi, na siku tuliyomtafuta mtu mmoja tu kikanyamaza.

Walisubiri kadiri walivyoweza. Kisha wakamzika.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mzee Rajabu alipotokea kwenye njia ya migombani. Alikuwa anachechemea, na ndama naye ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshavaa kanzu. Nadhani aliivaa karibu tu hapo, ili afike mtu wa heshima. Aliona turubai na watu waliokaa mikekani, akasimama. Hakuna aliyeinuka kumwambia, wote tulimtegea mwenzetu. Mwishowe Zuhura alimwendea, akapiga magoti, akamshika miguu.

"Alijua nakuja?" mzee akamuuliza.

"Alijua, baba mdogo."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Alikusubiri na kofia kichwani."

Mzee Rajabu alikaa chini hapo hapo njiani. Hakulia kwa sauti. Aliendelea kuuliza kwa sauti ndogo kofia ipi, na Zuhura akawa anamjibu, ile nyeupe, ile ya Idi, na yeye anauliza tena. Imamu alimwinua na kumpeleka kaburini wakati bado kuna mwanga. Nimefanya kazi na vifo vingi vya wanyama na vichache vya watu, na sijawahi kujiona sina faida kama jioni ile.

Mnaosoma haya ni watu wa fani, mtataka kujua Madoa na Kidoti walifanyaje. Asubuhi tuliwaweka zizi moja. Madoa alimnusa ndama kichwani, akamnusa ubavuni, akarudi kwenye majani yake. Kidoti alisogea kwenye kiwele, akapigwa teke moja la wastani, akaondoka. Baada ya muda mfupi walikuwa wanakula mbalimbali kama wapangaji wa nyumba moja. Mzee Rajabu aliwatazama kwa muda mrefu, ameegemea mti wa zizi. Mimi nilitamani kwa moyo wangu wote kwamba yule ng'ombe angelia japo mara moja, na nina hasira naye mpaka leo, ingawa najua hana kosa.

Ndama aliyetoka nje ya eneo la utafiti hana kazi tena kwa utafiti, kwa hiyo nilikuwa na agizo la kuvua kola. Mzee Rajabu alinishikia kichwa cha Kidoti nikakata mkanda. Alikipokea kile kijisanduku, akakipima uzito kiganjani.

"Hiki kimeandika kwamba nilikuja?" akaniuliza.

"Kimeandika, mzee. Njia yote."

"Hata kule kwenye mkonge?"

"Hata kule. Kilikosa mtandao wa kututumia, lakini kilikuwa kinatunza ndani."

Alitikisa kichwa taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

Ofisini tulikiunganisha na kompyuta, na njia yote ikatokea: Kang'ata, Chanika, Sindeni kwenye kalvati, daraja, halafu mzunguko mrefu ndani ya mkonge, na marundo madogo kila alipokaa kupumzisha goti. Dokta aliitazama kwa muda. Nilikuwa nimemweleza yote, na si mtu mbaya, alivua miwani akaifuta. Kisha akasema nukta zile lazima zitoke, kwa sababu ndama alikuwa anaongozwa kwa kamba, na tunachokichunguza ni mwenendo wa ndama, si wa binadamu. Alikuwa sahihi. Hata ninyi nimewafundisha hivyo hivyo: takwimu zisafishwe kabla ya kuhesabiwa. Ziliondolewa siku ile ile, na ripoti ilipotoka ilikuwa na ramani za rangi nzuri sana.

Wafugaji wote walioshiriki walipewa nakala, na za Kang'ata nilizipeleka mwenyewe. Mzee Rajabu alinikaribisha, akamwita mkewe akae naye, akavaa miwani. Nilimfungulia ukurasa wa ndama wake. Aliweka kidole kwenye ua wa Kang'ata, akakizungusha humo polepole, akafika upande wa barabara ya Korogwe, na pale rangi ikaisha. Alifungua ukurasa uliofuata, na mwingine, akafika kwenye jalada la nyuma. Kisha akaifunga ile ripoti, akaniwekea mapajani, na kwa upole ule ule akaniuliza Magoma iko ukurasa gani.